Kipimo cha Nguvu za Mawimbi ya Redio



Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi, katika nchi kavu yenye mchanga na mawe. Mawimbi ya redio yatambaayo juu ya ardhi ya namna hiyo hudhoofika upesi. Kwa hiyo mwanaredio wa ridhaa atakaye kuzungumza na mwenziwe kati ya miji hiyo miwili hana budi kutumia mawimbi mafupi na kuyaelekeza juu, ili yarudishwe chini na tabaka za anga zilizo mbali sana.

Katika mtambo wake mna kipimo kidogo kionyeshacho nguvu za mawimbi yanayomfikia. Alama zake ni S1 hadi S9. Mwaka wa 1981 umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, katika kanda ya Ulaya na Afrika, ulipatana kwamba kwa mawimbi mafupi S9 iwe maikrovolti 50 penye mlango wa mtambo, na kila alama iizidi ile iliyo chini yake kwa desibeli 6. Maana yake ni kwamba atakaye kupanda alama moja tu katika kipimo cha mwenziwe yampasa kuzidisha nguvu zake mara nne: aliyetumia wati 25 atumie 100.

Hapo ndipo hasara hujificha. Mitambo mingi ya siku hizi haina mshale, bali ina vijiti vya mwanga, na kijiti kimoja huweza kuficha desibeli 3 au zaidi. Tuseme mtu wa Kakuma ana antena mbili, na kila moja yawasha vijiti saba. Atasema ni sawasawa. Kumbe moja yaweza kuishinda nyingine kwa desibeli 3, yaani nguvu mara mbili! Akichagua ile dhaifu, nusu ya nguvu zilizotoka katika betri yake zapotea bure kila atumapo habari.

Dawa iko. Wakati wa kusikiliza tu, na aweke kati ya antena na mtambo kifaa cha kupunguza mawimbi chenye hatua za desibeli 1. Asitume kamwe kifaa hicho kikiwamo, kisije kikaungua. Mwenziwe wa Lodwar atume kwa nguvu zisizobadilika. Aongeze hatua moja moja mpaka kijiti cha saba kizimike, aandike hesabu, kisha afanye vivyo hivyo kwa antena ya pili. Ikiwa ya kwanza yataka hatua 2 na ya pili 5, basi ya pili ni bora kwa desibeli 3. Arudie mara nyingi kwa zamu, kwa kuwa mawimbi ya angani hupanda na kushuka.

Tena asisahau kelele. Maneno ya S7 katika kelele ya S7 hayafahamiki, lakini ya S3 katika kelele ya S1 husikika wazi. Siku mto Tarach unapofurika, au mgonjwa anapohitaji kupelekwa Lodwar, hakuna atakayeuliza vijiti vingapi viliwaka. Kwa hiyo kila mwenye mtambo na ampe mwenziwe habari mbili daima: kipimo kimeonyesha nini, na maneno yamefahamika kiasi gani.