Uongozi wa Kimungu na Kuenenda katika Kweli

Hotuba kwa Usharika na wageni wa Dayosisi katika Jubilei ya Miaka 100



Waraka wa Tatu wa Yohana ni mfupi kiasi kwamba husomwa wote kabla kengele ya ibada haijanyamaza. Mzee aliyeuandika anawataja watu watatu. Gayo aliwapokea wageni waliofika kwake mikono mitupu. Diotrefe alipenda kuwa wa kwanza. Aliwakataa wageni hao, na waliotaka kuwapokea akawatoa katika Kanisa. Demetrio alikuwa na ushuhuda mwema kwa watu wote na kwa kweli yenyewe. Mzee hakuwapima watu hao kwa ufasaha wa mahubiri yao. Aliwapima kwa jinsi walivyoenenda. Kweli, kwa mujibu wa waraka huu, ni njia ya kukanyagwa kwa miguu, na kiongozi hujulikana kwa nyayo zake.

Kagera imewaona watu hao watatu kwa macho.

Walioachiwa Kanisa

Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari wapo wenyeji waliokwisha kulisoma Neno, wengine wakiwa wamelipata Uganda. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, Kanisa lilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa Kiafrika, na Andrea Kajerero akiwa miongoni mwa viongozi wao. Kazi ya kufundisha, kuwakusanya waumini na kuilinda imani ilikuwa juu yao, katika miaka ambayo msimamizi wa nje hakuwapo. Uaminifu wa mtu hupimwa pale ambapo hakuna anayemtazama, nao waliupita mtihani huo.

Katika miaka ya 1930 Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulivuka mpaka na kuenea Kagera, kwa Waanglikana na Walutheri pia. Fundisho lake lilikuwa la wazi: dhambi iungamwe kwa jina lake, kilichoibwa kirudishwe, na ndugu wasifichane mambo. Mchungaji alisimama mahali pamoja na mwanafunzi wake, wote wawili chini ya msalaba. Huo ndio msingi ambao viongozi wengi wa Kanisa katika mkoa huu walilelewa juu yake.

Somo la Benako

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Misitu ilikatwa kwa kuni, maji yakapungua, mashamba yakaharibiwa. Hata hivyo, wageni walipokelewa. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Gayo alikuwa Ngara.

Lakini Diotrefe naye alivuka daraja lile. Katika kambi ya Benako wakimbizi walipangwa kwa kufuata tarafa walizotoka, na viongozi wale wale waliohusika na mauaji ya kimbari nyumbani wakapata sauti juu ya mgawo wa chakula. Mmoja wao alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa bwana mkubwa wa tarafa ya Murambi. Jaribio la kumwondoa kambini, Juni 1994, lilizua ghasia za maelfu ya watu, na watumishi wa misaada wakalazimika kuondoka kwa muda. Ilichukua miaka mingi kweli kusemwa mahakamani: mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na katika rufaa ya mwaka 2012 adhabu yake ikawa kifungo cha miaka 40.

Kanisa halina ruhusa ya kuisimulia habari hiyo kana kwamba inawahusu wanasiasa peke yao. Wengi wa walioua walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliouawa pia. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana. Joho halikumzuia, na watu waliokimbilia ulinzi hawakuupata kwake. Aliye na cheo pasipo kweli ni hatari kuliko asiye na cheo, kwa sababu watu humfuata.

Gharama ya kusema kweli

Demetrio wa Kagera alikuwapo pia. Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925 na kulelewa katika Uamsho, alimrithi Bengt Sundkler kama askofu mwaka 1964. Juni 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukishika kiti hicho. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni jambo la ukiri wa imani, wala si hiari ya kisiasa. Miaka saba baadaye, huko Budapest mwaka 1984, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutoachana na ubaguzi huo. Ni vigumu kumkemea adui. Ni vigumu zaidi kumkemea ndugu wa ushirika mmoja. Kibira alifariki mwaka 1988, na ushuhuda huo haukuzikwa naye.

Kweli katika usharika

Mambo haya makubwa huanzia mahali padogo. Huanzia kwa mtunza hazina anayehesabu sadaka mbele ya wenzake, na kwa mapato na matumizi yanayosomwa kanisani bila kuachwa mstari. Huanzia kwa mzee wa Kanisa asiyewapatanisha wagomvi kwa kuangalia ukoo au kabila, awe Mhangaza, Mshubi, Msubi, Mzinza au Mhaya. Huanzia kwa mchungaji anayekubali kuonywa, na kwa baraza linalomwonya kwa upendo badala ya kumnong’ona njiani. Kiongozi anayekimya leo kuhusu debe moja la mahindi ya mavuno atakosa ujasiri siku damu ya mtu itakapodaiwa.

Miaka 100 ni neema ya Mungu, nayo ni hesabu pia. Wajukuu watakaokifungua kitabu hiki watatafuta majina ya waliojenga na waliochanga, na ni haki yao. Ila mzee wa waraka ule alitafuta habari moja tu ya watoto wake: kwamba wanaenenda katika kweli.

Mungu Baba aliyeliita Kanisa lake Ngara na Biharamulo alilinde. Kristo, Mchungaji Mkuu, awape viongozi wake moyo wa Gayo na ushuhuda wa Demetrio. Roho wa kweli na aling’oe katika kila moyo pendo la kuwa wa kwanza. Amina.