Kisasi si haki: somo la Agosti 1998

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika)



Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wapita njia, na baadhi ya majeruhi walipofushwa na vioo. Swali letu leo ni hili: tunaposema watu hawa wapate haki, tuna maana gani?

Jibu la kwanza lilikuwa makombora. Siku 13 baadaye Marekani ilipiga kambi nchini Afghanistan na kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum, kilichotengeneza dawa za binadamu na mifugo. Madai kwamba palikuwa na silaha za kemikali hayakuthibitishwa. Mjane wa Nairobi hakupata nafuu, na mgonjwa wa Sudan hakuwa na kosa.

Jibu la pili lilikuwa mahakama. Mwaka 2001, huko New York, mashahidi walisikilizwa kwa miezi kadhaa na watu wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Aliadhibiwa mkosaji, si jirani yake wala dini yake. Hatusemi hatua hiyo irukwe. Lakini hukumu haimlipii kipofu ada ya mtoto, wala hairudishi kuaminiana mtaani.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Desemba 2015, karibu na Mandera, Kenya, washambuliaji walisimamisha basi wakitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Ujirani wa namna hiyo haujengwi siku ya shambulio.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, keteni na wazee wa msikiti sasa, kabla halijatokea jambo. Pili, uvumi upimwe na pande zote mbili kabla ya kutangazwa. Tatu, msaada kwa walioumizwa usiulize dini.

Ndugu wafadhili, vikao hivi havina jengo la kupiga picha. Tunaomba visiwe vya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Hasira ni hasara, na hasara hiyo huja kulipwa na watoto wetu.