Mtoto Asipimwe Kilo Tu

Haya ni maneno tuliyowaambia wanachama na wakazi wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, katika mkutano wa tawi.



Leo hatukuja kuuza kadi. Tumekuja kusema habari ya kadi nyingine, ile ambayo kila mama hapa anayo nyumbani, ameifunga katika mfuko wa nailoni isilowe: kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwanza tusifu panapostahili sifa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hata 43. Hiyo ni kazi ya chanjo, ya chandarua, ya wauguzi, na ya miguu ya akina mama waliokwenda kliniki jua na mvua. Lakini uchunguzi huo huo wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto ameokoka kifo, ila hakukua kama ilivyompasa.

Juzi tulishinda asubuhi nzima katika kliniki moja ya huku pembeni mwa jiji. Jina hatulitaji, maana hatukwenda kumshitaki mtu. Akina mama walifika kabla jua halijachomoza. Muuguzi alikuwa mmoja. Mtoto avuliwe nguo, aning'inizwe kwenye mzani, alie, nukta iwekwe kwenye kadi, basi, "mwingine!" Akaja mama mmoja, muuza vitumbua, na mwanawe wa kiume wa karibu miaka 3. Kilo zake nzuri, nukta zote zimo katika kijani. Lakini mtoto hasemi. Mama akatuambia, "Kila nikiuliza naambiwa atasema tu, wa kiume huchelewa." Tukamwita mtoto kwa nyuma, hakugeuka. Tukapiga makofi, hakugeuka. Tulipouliza zaidi tukaambiwa kuwa tangu hajatimiza mwaka masikio yake yalikuwa yakitoka usaha, na nyumbani akitiwa mafuta ya nazi. Kadi imejaa nukta, na habari ya masikio haimo!

Sisi tuliosomea ualimu tumewaona watoto wa namna hii darasani. Hukaa nyuma, huitwa wakaidi, tena hupigwa viboko kwa kutojibu swali wasilolisikia. Usaha wa masikio hutibika ukiwahiwa. Hata kwa baadhi ya waliozaliwa viziwi, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kuwasaidia kusikia. Lakini hapo pia anayewahi ndiye anayefaidi zaidi, kwa kuwa ubongo wa mtoto wa miaka 2 umekwisha fikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Je, tumlaumu yule muuguzi? Hasha. Amepewa mzani na sindano, hakupewa nafasi ya kuzungumza.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina ni refu, twakubali. Ndani yake mna neno moja tunalolipenda: malezi yenye mwitikio. Maana yake mtoto akiguna, umjibu; akinyosha kidole, umtajie jina la kile anachokionyesha; akilia, umwangalie usoni kabla ya kumnyamazisha. Hayo hayauzwi dukani. Bibi zetu waliyajua. Yanayokosekana ni muda. Mama yuko Feri kabla ya mapambazuko akinunua samaki, baba yuko Kariakoo, mtoto ameachiwa msichana ambaye mwenyewe bado ni mtoto. Ndivyo ilivyo Temeke huku, ndivyo ilivyo Tandale kule Kinondoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, na baba siku 3. Muuza vitumbua nani atampa hata moja?

Na nyinyi akina baba, msicheke. Asubuhi ile tuliwahesabu wanaume waliokuja na watoto. Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anangoja nje.

Yule mama tulimsindikiza hospitali na mwanawe. Amepewa dawa na siku ya kurudi kupimwa usikivu. Kwa Diwani tutakwenda kudai muuguzi wa pili na kivuli cha kukalia, na tutarudi mpaka tujibiwe. Lakini Jumanne ijayo kliniki itafunguliwa kama kawaida, na watu wanne wanatakiwa hapo saa 12 asubuhi, wawili wakiwa wanaume, wapange foleni na kuandika majina, ili muuguzi apate dakika chache za kumwuliza kila mama: anasikia? anasema? anacheza? Katibu ameketi pale na daftari. Mpeni majina kabla hamjatawanyika.