Kubainisha Vipaumbele na Malengo ya Maisha Kabla ya Kustaafu: Mada kwa Wastaafu Watarajiwa

1. Utangulizi

Mtumishi wa umma nchini Tanzania huruhusiwa kustaafu kwa hiari afikishapo umri wa miaka 55 na hulazimika kustaafu atimizapo miaka 60, isipokuwa kwa baadhi ya kada ambazo sheria imeziwekea umri mkubwa zaidi. Ingawa tarehe hiyo hujulikana mapema, maandalizi mara nyingi huishia kwenye kuhakiki michango na kujaza fomu, huku swali la msingi, yaani mstaafu anataka kuitumia vipi miaka iliyobaki, likiachwa bila jibu. Mada hii inajenga hoja kwamba kipaumbele cha kweli hutambulika kwa mambo ambayo mtu yuko tayari kuyaacha, na kwamba uamuzi huo hauna budi kufanywa kabla mafao hayajalipwa.

2. Ufafanuzi wa dhana

Dhana tatu zinahitaji kutofautishwa. Tunu ni jambo ambalo mtu analithamini, kama vile afya, ibada, elimu ya watoto au heshima katika jamii. Kipaumbele ni nafasi ambayo tunu hiyo inapewa inaposhindania muda au fedha na tunu nyingine. Lengo ni matokeo yanayokusudiwa kufikiwa katika muda uliowekwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Milton Rokeach, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu tunu za binadamu, aliwataka watu wazipange kwa mfuatano tunu za orodha mbili, kila orodha ikiwa na tunu 18, badala ya kuulizwa kama wanaikubali kila tunu. Mbinu hiyo ina mantiki, kwa kuwa mtu akiulizwa juu ya jambo moja moja huyakubali yote, lakini akitakiwa kuyapanga hulazimika kuamua lipi litangulie. Hapa nchini, msingi huohuo ulibeba jina la hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, aliyoitoa kwa TANU mwaka 1969: Kupanga ni Kuchagua. Kinacholihusu taifa lenye rasilimali chache kinaihusu pia kaya inayotegemea mafao yenye kikomo.

3. Mafao na shinikizo la matumizi

Mafao ya uzeeni hugawanyika katika sehemu mbili: mkupuo, ambao ni fedha inayolipwa mara moja, na pensheni inayolipwa kila mwezi. Uwiano wake huwekwa na kanuni ijulikanayo kama kikokotoo, ambayo mwaka 2022 iliweka mkupuo kuwa asilimia 33, kabla ya bajeti ya mwaka 2024/25 kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 kabla ya mwaka 2022, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25. Mjadala mkali ulioambatana na mabadiliko hayo ulihusu zaidi ukubwa wa mkupuo, na ni haki ya mchangiaji kuuhoji. Hata hivyo, hakuna kiwango kitakachotosha iwapo fedha hiyohiyo imekwisha kutengewa, kichwani mwa mstaafu na katika matarajio ya ndugu, kumalizia nyumba, kulipa ada, kununua pikipiki ya biashara, kufuga kuku na kugharamia harusi.

4. Hatua za kubainisha vipaumbele

Kwanza, mstaafu mtarajiwa aandike matarajio yake yote, kisha ayapange kwa mfuatano na kuyakata yale ya mwisho. Pili, yaliyobaki yalinganishwe na chanzo cha fedha: mahitaji ya kila mwezi, kama chakula na dawa, yabebwe na pensheni, na mkupuo uelekezwe kwenye jambo moja au mawili yenye ukomo. Tatu, kila lengo lipewe kipimo, muda na mhusika. Vigezo hivi vinatokana na makala ya George Doran ya mwaka 1981, iliyoandikwa kwa ajili ya mameneja. Kwa hiyo visilazimishwe kwenye mambo kama ibada au malezi ya wajukuu, ambayo thamani yake haipimiki kwa takwimu. Nne, biashara inayokusudiwa ijaribiwe kwa kiwango kidogo mtumishi angali na mshahara, kwa kuwa hasara ya wakati huo hufidika.

5. Nafasi ya familia

Inaweza kupingwa kwamba kupanga vipaumbele binafsi ni ubinafsi katika jamii ambamo mstaafu hutegemewa na ukoo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekea upande wa pili: mtu asiye na mpango humsaidia anayewahi kuomba, si mwenye shida kubwa zaidi. Aliyejadiliana na mwenza na watoto wake, akatenga fungu mahususi la ndugu, anaweza kutoa bila kinyongo na kukataa bila ugomvi.

6. Hitimisho

Inapendekezwa kwamba waajiri waanze mafunzo haya angalau miaka mitano kabla ya mtumishi kustaafu, na kwamba wenza waalikwe kuhudhuria. Kila mshiriki anahimizwa kuandaa orodha yake na kuikamilisha pamoja na familia, akianza na yale atakayoyaacha.