Mlipuko Usioua

Msikilizaji, zipo hatari ambazo mkufunzi hawezi kuziwasha ili mfanyakazi ajifunze; mlipuko wa gesi mgodini ni mojawapo. Ndiyo maana huko New South Wales, Australia, wachimbaji na waokoaji wa migodi ya makaa ya mawe hufanya mazoezi kwa uhalisia pepe, mbele ya skrini ya duara ya nyuzi 360, wakiamua pamoja njia ya kutokea. Hapo anayekosea hurudia. Mgodini angeweza kufa.

Wapo wanaosema teknolojia hii ni ghali na huwatia wengine kichefuchefu. Ni kweli, tena macho hayaujui uzito wa mtungi wa hewa anaoubeba mwokoaji. Basi mtungi halisi ubaki, picha ifundishe uamuzi. Ila mwajiri asinunue mitambo hiyo huku feni za kuondoa gesi zimeharibika. Huko ndiko fedha zianzie.