Pua Iliyonigeuka



Mmeona sahani yangu ina wali mkavu na ndizi tu, na minong'ono imeanza kwamba siku hizi nina maringo. Naomba nijieleze.

Mwaka 2023 niliugua UVIKO-19. Homa iliisha upesi, ila pua ilinyamaza kabisa. Baada ya miezi mitatu ikaamka na wazimu: kahawa ikanuka mpira unaoungua, kitunguu cha kukaanga kikanuka mzoga. Mke wangu alipopika, nilikimbilia uani. Alidhani nimemchoka, na siku nyingi hatukusemezana. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Daktari alitueleza sote wawili kwamba virusi huharibu utando wa ndani ya pua, na mishipa ya harufu inapoota upya hupeleka ubongoni habari nusunusu. Kahawa, nyama choma na vitunguu vina kemikali za salfa zenye harufu kali, nazo hujitokeza zaidi ya nyingine. Mpishi hana kosa.

Nilipewa zoezi ambalo Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, aliliandikia mwaka 2009: kunusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. (Karafuu, angalau, hatuagizi Ulaya.) Mke wangu hunishikia vichupa, nami nimefumba macho. Majuma 12 yamepita, tunaendelea. Juzi niliitambua karafuu, akacheka mpaka akalia. Kahawa bado.

Basi mpishi wetu asinune. Nipitishieni ndizi.