Joto na Halijoto: Nilivyokaribia Kuacha Uhandisi

(Hotuba iliyotolewa na mhandisi aliyesomeshwa kwa msaada wa mfuko wa elimu, mbele ya kamati za parokia na wafadhili waliokutana katika shule ya bweni mkoani Mbeya. Tumeifupisha kidogo.)



Nimeombwa nieleze matunda ya msaada wenu. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitaanza na tunda bovu, kwa sababu mchana huu mtajadili pendekezo la kumwondolea msaada mwanafunzi yeyote atakayepata sapu, yaani mtihani wa marudio. Mimi nilipata sapu. Niliipata katika themodinamiki, mwaka wa kwanza.

Themodinamiki ni elimu ya nishati: jinsi joto linavyogeuka kuwa kazi, na kwa nini haligeuki lote. Mtu asiyeijua hawezi kubuni mtambo wa umeme wa mvuke, wala injini ya lori, wala jokofu la kutunzia chanjo katika zahanati zenu. Ndiyo maana mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo hawezi kulikwepa somo hili.

Katika jaribio la kwanza tuliulizwa hivi: mtambo unapokea joto kwa nyuzi 500 na kutupa linalobaki kwenye maji ya nyuzi 30. Ufanisi wake hauwezi kuzidi kiasi gani? Niligawa 30 kwa 500, nikatoa jibu hilo katika moja, nikapata asilimia 94. Nilitoka nje nikiwa na furaha kubwa. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na alama 27 kwa 100.

Kosa langu lilikuwa hili. Sifuri ya kipimajoto cha kawaida ni mahali maji yanapoganda tu. Haimaanishi kwamba hakuna joto. Katika hesabu hizi lazima uanze kuhesabu kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo 30 inakuwa 303, na 500 inakuwa 773, na jibu ni kama asilimia 61. Hiyo ndiyo dari. Mfaransa Sadi Carnot aliandika juu ya dari hiyo mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 28, na hata leo hakuna fundi aliyeipita. Mitambo halisi hubaki chini yake sana.

Kosa hilo lilisahihishwa kwa siku moja. Lililonishinda zaidi lilikuwa la lugha. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza, lakini kichwani niliendelea kufikiri kwa Kiswahili cha nyumbani. Nyumbani neno ni moja tu: joto. Mtoto ana joto. Jiko lina joto. Leo kuna joto. Katika themodinamiki mambo hayo ni mawili. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Halijoto ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Mimi nilijiambia kwamba ukiongeza joto, joto linapanda, na nani angeweza kubisha? Tulipoulizwa juu ya maji yanayochemka, ambayo yanapokea joto saa nzima bila halijoto kupanda hata nyuzi moja, niliandika kwamba swali lina kosa. Mhadhiri aliweka alama ya kuuliza kubwa pembeni.

Darasani sikuthubutu kuuliza. Tulikuwa wengi, na aliyeuliza swali la jikoni alichekwa. Siku hizo sikuwa nimesikia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu, akaona maziwa aliyoyaweka kwenye friza yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake walicheka, lakini Osborne alirudi akalijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na linaitwa kwa jina la Mpemba.

Mimi aliniokoa dada mmoja wa mwaka wa tatu. Alichukua kipimajoto cha maabara na sufuria, akawasha hita ya umeme bwenini (ilikuwa marufuku, msimwambie mtu), akaniambia nisome namba kila dakika. Ilipanda mpaka karibu 100, ikasimama. Akaongeza moto. Maji yakaruka, mvuke ukajaa chumba, namba haikutikisika. Akaniuliza, "Sasa moto wote huo unakwenda wapi?" Nikaangalia dirisha lililojaa ukungu, nikaelewa.

Baada ya hapo alinifundisha kuchora mstari kuzunguka kitu ninachokihesabia. Waweka hazina mliopo hapa mtaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Huwezi kufunga hesabu kabla hujaamua ni za sanduku lipi, la parokia au la kikundi cha akina mama. Ukishaamua, kilichoingia ukitoa kilichotoka ndicho kilichoongezeka ndani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya themodinamiki. James Joule wa Uingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia (wazee mnisamehe), alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba hata kuyakoroga maji huyapasha, na akapima ni kazi kiasi gani inayolingana na joto kiasi gani.

Nilirudia mtihani nikafaulu. Lakini kati ya sapu na marudio zilipita wiki kadhaa, na katika wiki hizo barua kutoka kwenu ingeweza kunirudisha nyumbani. Wenzangu wawili walidisko muhula huo. Mmoja alikuwa na akili kuliko mimi. Hakuwa na mtu wa kumwashia hita.

Kwa hiyo naomba kamati isubiri matokeo ya marudio kabla ya kukata msaada. Na ninaomba jambo la pili, dogo kwa gharama: kila mnayemsomesha uhandisi apate kitabu chake cha majedwali ya mvuke. Sisi tulikuwa sita kwa nakala moja, na hesabu hizo hazifanyiki bila majedwali hayo. Aliyekuwa nacho usiku wa kuamkia mtihani ndiye aliyefanya mazoezi.

Sasa nije kwenye kazi ya hapa. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Ndiyo maana maharage ya hapa yanachelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam. Mpishi wa shule hii, kama wapishi wengi, alijibu kwa kuongeza kuni. Tulifanya hesabu pamoja naye. Kuipasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka kunahitaji kama kilojuli 310. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji kama 2,270, zaidi ya mara saba. Maana yake, katika sufuria ya lita 50, lita saba zikipotea kwa mvuke mmetumia joto sawa na lile lililozichemsha zote 50. Na maharage hayakupata nyuzi hata moja ya ziada.

Tulichofanya ni mifuniko mizito ya chuma, na kuni kupunguzwa mara maji yanapochemka. Majiko banifu yatafuata fedha zikipatikana, lakini mifuniko haikusubiri mfadhili. Fundi wa hapa aliichomelea kwa mabati mazito yaliyobaki kwenye ujenzi wa bweni. Wa kwanza ulikuwa mzito mno, mama akalalamika mgongo, tukaupunguza.

Mkitoka hapa piteni jikoni kabla ya chakula. Kipimajoto kimening'inizwa karibu na mlango, mpishi anajua kukisoma na atawaonyesha. Mfuniko msiushike kwa mkono mtupu.